Mzigo Uliovishwa Njano

Hadithi yangu ina pembe mbili, mkia mmoja na kamba moja. Nyinyi shikeni pembe, mimi nishike mkia, na hiyo kamba tuiache kwanza pale chini, maana ndiyo iliyoleta ugomvi. Nimeisimulia harusini, nimeisimulia matangani, nimeisimulia hata kwenye foleni ya mashine ya kusaga, na kila mara wasikilizaji waliondoka wakibishana. Wengine walinikasirikia mimi, utadhani ndama nilimzaa mimi. Basi leo nisikilizeni mpaka mwisho, ndipo mkasirike.

Huko juu Upare, katika kijiji cha Ivumo, ambako mashamba yamesimama wima kiasi kwamba ukidondosha kiazi unakwenda kukidai kwa jirani wa chini, aliishi mjane mmoja aliyeitwa Bibi Nakundwa. Nyumbani kwake walikuwamo watu wazima watatu, na kila mmoja Mungu alimpa kipawa chake.

Mbazi, mtoto wa kiume wa marehemu dada yake Bibi, alipewa pua. Akinusa kibuyu cha maziwa alijua kimefukizwa kwa mti gani na kilioshwa lini. Akipita nyuma ya jiko aliweza kukwambia kama maharage yaliyo chunguni ni ya msimu huu au yalilala ghalani. Watu walimwita aje kunusa nyama, kunusa asali, kunusa hata mvua, na yeye akazoea kutembea na kidevu juu.

Namkunda, binti wa Bibi wa kumzaa, alipewa macho. Alikuwa amerudi kwao na watoto baada ya ndoa kuvunjika, akawa anajitafutia kwa kusuka vikapu. Akiwa amekaa mlangoni, alitambua mbuzi wa nani yuko ukingo wa pili wa bonde, na akaongeza kwamba anachechemea mguu wa nyuma. Nyuzi mbili zilizotiwa rangi chungu kimoja, kwake zilikuwa rangi mbili.

Nakiete, mke wa mtoto wa kiume wa Bibi, alipewa mikono. Mumewe alifanya kazi huko chini kwenye mashamba ya mkonge na alionekana Krismasi kwa Krismasi. Mikono ya Nakiete ilijua vitu bila kuuliza macho. Akiiingiza kwenye gunia la mbegu, ilitoka na zile zilizoliwa na wadudu tu. Akimpapasa kuku alijua kama kesho atataga. Lakini nani husifu mikono? Pua ya Mbazi ilisifiwa, macho ya Namkunda yalisifiwa, mikono ya Nakiete ikapewa kazi.

Na kazi yenyewe ilikuwa kumkatia majani Madoa, ng'ombe wa Bibi. Ivumo ng'ombe hachungwi. Miteremko ni mikali, ng'ombe ataporomoka, kwa hiyo hukaa bandani mwaka mzima na wanawake humletea chakula kichwani. Ng'ombe anayejichungia mwenyewe huchagua, hili anakula, lile analikwepa. Ng'ombe wa bandani hula alicholetewa, kama mgeni.

Sasa, wanawake wa Ivumo walikuwa na desturi yao. Mzigo wa majani ukishafungwa, ulivishwa. Yaani juu ya majani mwanamke alipanga maua ya njano yanayoota ovyo milimani, akayashindilia kwa mikono mpaka mzigo ukapendeza, ndipo akapita nao katikati ya kijiji kichwa kimenyooka. Walisema njano huleta maziwa. Walisema pia kwamba mzigo uliovishwa unaonyesha mke amelelewa. Na hapa sitamficha mtu: aliyeshikilia desturi hiyo kuliko wote alikuwa Bibi Nakundwa. Siku moja ya kiangazi Nakiete alirudi na mzigo wa majani mororo kabisa, ila haukuvishwa. Bibi alisimama njiani mbele ya majirani, akamwambia ageuke nao.

"Mzigo usio na njano ni mzigo wa mvivu," Bibi alisema. "Huyu ng'ombe si wa kulishwa na mvivu."

Nakiete aligeuka. Alipanda tena mlima na shingo inamuuma, na kilichomuuma zaidi hakikuwa shingo. Tangu aolewe, hakuna kitu chenye pumzi katika nyumba ile kilichoitwa cha Nakiete. Kuku walikuwa wa Bibi. Mbuzi walikuwa wa mumewe, ingawa mumewe hakujua hata wanalala wapi. Yeye alitaka kitu kimoja tu chenye pumzi, ambacho mpita njia akiuliza ni cha nani, ataambiwa ni cha Nakiete. Hilo likae vichwani mwenu.

Njano ya Ivumo ilikuwa jina moja kwa maua mengi. Wao waliona njano, wakasema njano, basi. Lakini maua yale ni ukoo, na katika ukoo hamkosekani ndugu wa ajabu. Kulikuwa na mchunga, huo kila mtu anaujua, ukiuvunja unatoa maziwa na tunaula mboga. Kulikuwa na njano ya kijitoni, isiyotoa maziwa, inayopendwa na ng'ombe na isiyomdhuru mtu. Na kulikuwa na ndugu yake wa kule juu, kwenye mteremko uliowahi kuungua. Huyo wa juu na wa kijitoni walifanana kama watoto wa mama mmoja: urefu ule ule, jani lile lile lenye meno, ua lile lile lenye duara la njano katikati na vijani vya njano pembeni kama miale. Mmoja chakula, mwingine sumu. Hakuna aliyewahi kuwapa majina tofauti, na kitu kisicho na jina lake nani atauliza kinatoka wapi?

Kiangazi kile kijito kilikauka na njano yake ikaisha. Mteremko uliochomwa moto ndio uliochipua kwanza, ukawa njano tupu kutoka chini hadi juu. Nakiete alipanda huko, na wanawake wa jirani nao wakapanda. Alivisha mizigo yake, watu wakamsifu, Bibi akanyamaza, na kwa Bibi kunyamaza kulikuwa ndiyo sifa yenyewe. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Nakiete akazidisha njano.

Madoa alikuwa na mimba. Alianza kwa kuacha kucheua. Kisha manyoya yakasimama, macho yakageuka rangi, na mwishowe akawa anasukuma paji la uso kwenye nguzo ya banda, anasukuma tu, kama mtu anayetaka kuingia nyumba iliyofungwa. Kwa jirani wa chini ng'ombe alikuwa ameshakufa hivyo hivyo. Kwa jirani wa juu pia. Bwana mifugo alipanda kutoka tarafani, akampima Madoa kwa uangalifu, akasema ini limeumia na kwamba kuna kitu anachokula. Kitu hicho kikiondolewa mapema, ng'ombe na mimba yake watapona. Kikiendelea, hana dawa. Ni kitu gani, alisema, hilo lazima mlitafute nyinyi mnaomlisha.

Bibi Nakundwa alilia hadharani, jambo ambalo hakulifanya hata siku ya kumzika mumewe. Akasokota kamba ya mgomba kwa mikono yake mwenyewe, akaitundika kwenye pembe ya Madoa, na mbele ya majirani akaapa kwamba atakayemnusuru ng'ombe yule, mimba iliyo tumboni ni yake, iwe dume iwe jike, na kamba ile ndiyo atakayomfungia. Mnajua uzito wa maneno hayo? Kwa watu wa Ivumo, ndama hufungwa kamba ya kwanza kabla dang'a haijaisha, yaani yale maziwa mazito ya mwanzo, na jina la mfungaji hutajwa kwa sauti. Akishafungwa, hata mahakama haimfungui.

Wa kwanza kuingia bandani alikuwa Mbazi. Alimnusa Madoa puani, akanusa mate yake, akanusa kinyesi. Kisha akainama kwenye hori, akayapanga mabaki ya majani mafungu mafungu, majani makavu yaliyokatwakatwa hata huwezi kujua kwa macho lipi lilikuwa lipi. Akayanusa yote. Alipofika kwenye njano alisimama wima. Ilikuwa na harufu ya chungu kilichoungua kikaachwa, na harufu hiyo hiyo ndiyo iliyotoka kinywani mwa ng'ombe. Kabla ya hapo watu walikuwa wakimnywesha dawa ya minyoo na kulaumu maji. Mbazi ndiye aliyesema ni njano, wala si kitu kingine.

Bibi akaamuru njano yote itupwe. Lakini kiangazi kile nyasi zilikuwa zimebaki mashina, na ng'ombe mwenye mimba na ini bovu hawezi kuishi kwa mashina. Chakula kilichokuwa kimebaki kilikuwa njano ya mabondeni, ile iliyoanza kurudi penye unyevu, na njano ya juu, na zilikuwa zimeshachanganyika kila mahali. Kutupa zote ni kumuua kwa njaa, kuacha zote ni kumuua kwa sumu. Na pua ya Mbazi hapo ilikwama, maana jani bichi halikutoa harufu ile mpaka likauke.

Hapo ndipo Namkunda alipoacha kikapu chake. Alikwenda mteremkoni, akakaa mbele ya maua kama anayesoma. Alichuma la huku, akachuma la kule, akayalaza mapajani. Watu waliona maua mawili yaliyo sawa. Yeye aliyageuza kifudifudi. Chini ya ua, pale lilipokaa kama kwenye kikombe, kulikuwa na vijani vidogo vya kijani vinavyolishikilia. Vya ua la kijitoni vilikuwa kijani mpaka nchani. Vya ua la juu vilikuwa na ncha nyeusi, kila kimoja, kana kwamba kimechovywa kwenye wino. Akapeleka matawi yote mawili nyumbani. Mbazi akayakausha juu ya jiko, akayanusa, na lile la ncha nyeusi likatoa harufu ya chungu kilichoungua. Mwenye macho haambiwi tazama. Kuanzia siku hiyo Madoa alilishwa njano yenye ncha za kijani, akaacha kusukuma nguzo.

Lakini msipige makofi bado. Mvua ilinyesha, maua yote yakapukutika, milima ikajaa machipukizi. Pasipo na ua hapana ncha nyeusi, na pabichi hapana harufu. Namkunda aliangalia majani yale mpaka macho yakamtoka machozi, akakiri kwamba haoni tofauti. Madoa akaonja tena, kichwa kikarudi kwenye nguzo, na siku ya kuzaa ilikuwa imekaribia.

Ikabaki mikono. Nakiete alichukua jani la kijitoni na jani la juu, akayafumbata, akafumba macho. La kijitoni lilikuwa na malaika chini yake, vile vinywele vidogo, laini kama sikio la punda. La juu lilikuwa na utelezi, halina kitu. Tofauti ilikuwa hiyo tu. Na kwa sababu huwezi kumwambia ng'ombe wa bandani achague, Nakiete alimchagulia. Kila mzigo aliushusha kwenye uwanja wa banda, akaufungua, akaupitisha wote vidoleni, jani kwa jani, mvua ikimnyeshea mgongoni. Alifanya hivyo masika nzima. Vidole vilichubuka, vikavimba, vikawa havishiki hata kijiko. Hakuna mtu aliyemwona akifanya maajabu, maana aliyekuwa akipita aliona mwanamke na majani, na mwanamke na majani si habari.

Madoa akazaa. Ndama jike, mwenye doa moja jeupe begani, akasimama kabla hajakauka. Mama mtu akamlamba, akacheua, akaomba chakula.

Majirani wakaja kula dang'a iliyopikwa, na Bibi akatoa kamba. Sasa inyanyueni ile tuliyoiacha chini.

Mbazi alisema haki yake iko wazi. Bila pua yake bado wangekuwa wanalaumu maji, na Madoa angeshakuwa ngozi. Isitoshe alikuwa na mchumba, na wakwe walikuwa wakisubiri awapelekee mtamba wa mahari. Majirani waliitikia.

Namkunda alisema pua iliwafikisha kwenye ukoo, ikashindwa kuwaonyesha mwizi. Bila macho yake wangetupa njano yote, na Madoa angekufa kwa njaa badala ya sumu. Yeye alikuwa na watoto aliorudi nao mikono mitupu, hawana hata tone la maziwa la kwao. Majirani wakaitikia tena.

Nakiete alifungua kinywa. Kabla hajatamka neno, mama mmoja jirani, bakuli la dang'a mkononi, akasema kwa upole kabisa, "Na Nakiete naye tumshukuru, amekata majani. Ingawa hiyo ndiyo kazi yake ya siku zote."

Jamani! Nikifika hapa hata mimi mate hunikauka. Nakiete alihisi damu inampanda mpaka masikioni. Kwa hiyo mtu akinusa mara moja ni kipawa, na mwingine akipapasa masika nzima ni kazi yake? Aliwaonyesha vidole. Aliwaambia kwamba pua ilitaja adui na macho yakamtambua, lakini adui alipovua nguo alizotambuliwa nazo, aliyesimama mlangoni ni nani? Bila mikono yake ng'ombe angekufa akiwa anajua jina la ugonjwa wake. Alisema yote hayo bila kupaza sauti, na watu wakaanza kutazama chini.

Ndipo Mbazi akasema neno. "Shemeji, mimi sitaki ugomvi. Lakini hiyo njano ya juu iliingiaje bandani? Si kichwani kwako?"

Mama jirani akaweka bakuli chini.

"Ndiyo," alisema Nakiete. "Mimi ndiye niliyeileta. Na niwaambieni zaidi. Siku ya kwanza kuikata, mikono yangu ilijua. Ilisikia utelezi. Niliambiwa nigeuke na mzigo mbele za watu, mama, kwa sababu haukuwa na njano. Basi nikakuletea njano. Ungetaka niseme nini, kwamba mikono ya mvivu imehisi kitu?"

Nakiete akamgeukia Mbazi. Kila jioni mzigo ule ulipita mbele ya kiti chake, alisema, na majani yalikauka darini juu ya kitanda chake. Pua inayonusa mvua ya kesho ilikuwa wapi? Mbazi alikuna kidevu. Alikiri, kwa sauti ndogo, kwamba harufu aliisikia mapema kabla ng'ombe hajaugua. Alinyamaza kwa sababu mizigo ni mambo ya wanawake, na mwanamume anayekagua mizigo ya wanawake Ivumo huchekwa mpaka kaburini.

Kisha Nakiete akamtazama Namkunda. Namkunda alijaribu kutazama pembeni, lakini macho yale yaliyoona kila kitu siku hiyo yalikosa pa kwenda. Akasema aliona kutoka mlangoni kwake kwamba njano ya mteremkoni si njano ya kijitoni, ilikuwa imekolea zaidi kidogo. Wakati huo yeye na wifi yake walikuwa hawasemeshani kwa ajili ya sufuria iliyotoboka. Alidhani majani yakiwa mabaya, ng'ombe atayakataa na Nakiete atagombezwa, basi. Hakujua kama ni sumu.

Sasa mmeona? Pua ilijua, macho yalijua, mikono ilijua. Vipawa vyote vitatu viliamka kabla ya ugonjwa, na vyote vitatu vikanyamazishwa, kimoja na aibu, kimoja na kinyongo, kimoja na uchungu wa kudharauliwa. Na nyuma ya vyote alisimama mama mwenye nyumba aliyetaka mzigo upendeze. Ng'ombe wa majirani wawili walikufa ndani ya ukimya huo, na wenyewe walikuwa pale pale wanakula dang'a. Mmoja wao aliinuka, akaondoka bila kuaga, na sijui nani angemlaumu.

Bibi Nakundwa alikuwa bado ameshika kamba. Alisema yeye aliapa kumpa aliyemnusuru ng'ombe, na kiapo hakirudishwi ghalani, lakini sasa haoni kama ana mdomo wa kuamua, kwa sababu aliyetaka njano ni yeye.

Namkunda akafanya jambo la busara, au la ujanja, amueni wenyewe. Alichuma ua la njano ya kijitoni lililochanua mapema penye samadi, akalipasua mbele ya watu. Akawaonyesha kwamba kinachoonekana ua moja si ua moja. Lile duara la katikati ni vijiua vidogo vimesongamana, kila kimoja na mdomo wake. Hata kila mwale wa pembeni ni ua peke yake. Yote yamekaa kwenye kikombe kimoja, ndiyo maana tunayaita ua moja.

"Wifi, na sisi tu hivyo," alisema. "Tumeugua pamoja, tumeponya pamoja. Ndama awe wetu sote, afungwe kwa jina la nyumba."

Watu walipenda. Walisikika wakisema hayo ndiyo maneno. Mbazi naye akatikisa kichwa kukubali. Mtu yeyote angedhani hadithi imeisha.

Nakiete alilichukua lile ua lililopasuka kutoka kiganjani mwa wifi yake. Jina la nyumba alilijua vizuri. Kuku walikuwa wa nyumba. Mbuzi walikuwa wa nyumba. Kitu kikishakuwa cha nyumba, yeye ndiye anayekikatia majani.

"Ua hili nalijua, wifi, nimelipapasa masika yote," alisema. "Ni kweli vijiua ni vingi. Lakini kila kimoja huzaa mbegu yake. Huyu ndama ana shingo moja."

Ndama alikuwa amesogea kwa Bibi, akaikamata ncha ya kamba mdomoni, akaanza kuinyonya akidhani ni kiwele. Ndani ya banda Madoa alikuwa akikamuliwa, na aliyekamua akapiga kelele kwamba maziwa yameanza kuwa meupe. Dang'a inakwisha. Bibi aliinua kamba, akawatazama wale watatu: pua, macho, na ile mikono iliyovimba ambayo Nakiete sasa alikuwa ameificha nyuma ya mgongo, kwa sababu hakutaka mtu aione ikiomba.

Hapo ndipo nilipoachiwa hadithi, na hapo ndipo ninapoiacha. Najua yupo atakayesema apewe aliyeanza, maana bila wa kwanza hakuna wa pili. Yupo atakayesema apewe aliyemaliza, maana ng'ombe hufa dakika ya mwisho. Yupo atakayesema asipewe hata mmoja, wapewe majirani waliofiwa na ng'ombe wao, na huyo simcheki. Lakini asije mtu akaniambia wagawane, nikamsikia. Aseme kwanza nani ataamka alfajiri kumkatia majani huyo ndama wa wote.

Maziwa yanakuwa meupe. Kamba ni hii hapa, shingo ni ile pale, na jina lazima litajwe kwa sauti. Je, ingekuwa mkononi mwako, wewe ungetaja la nani?